Maswali ya wasomaji: hela ya chama cha kriketi inaishia wapi?

Toleo lililopita tuliandika habari ya vijana wetu wa chini ya miaka 19 kufuzu Kombe la Dunia la 2026 kule Zimbabwe na Namibia, mara ya kwanza Tanzania kuingia yenyewe kama Tanzania (ile ya wakubwa ya 1975 tulikwenda kwa jina la Afrika Mashariki, tumechanganyika na Kenya, Uganda na Zambia). Nikajua nitaulizwa nani anarusha mpira kwa kasi na nani aachwe, kumbe wapi, karibu barua zote ni hela. Hela ya mkoa imekwenda wapi, nani anashika, nani anasaini. Nimechagua chache, majina ya mikoa nimeyatoa mwenyewe hata pale ambapo mtu hakuniomba, maana mkishasomana humu hamtasalimiana uwanjani.

Shikamoo anko. Nimechaguliwa mweka hazina wa chama cha kriketi cha mkoa. Aliyetoka kanikabidhi faili moja, kitabu cha hundi na mfuko wa nailoni umejaa risiti, nyingine zimefutika hata hazisomeki. Mwenyekiti anasema chama kina milioni nne, nimeenda benki nikaambiwa ipo milioni moja na laki mbili. Alafu waweka saini wako watatu, mmoja kahamia Songea na mwingine hata kriketi hachezi tena. Nataka kujiuzulu kabla sijachafuka. Nifanyeje?

Marahaba. Usijiuzulu kwanza, ukiondoka leo itabaki tu kwamba ulipokea, na hakuna atakayekumbuka ulipokea nini. Kinachokulinda ni hati ya makabidhiano na hiyo ndo uanze nayo kabla hujagusa risiti hata moja. Kaa na aliyetoka pamoja na katibu, andikeni kilichopo siku hiyo, siyo kinachosemwa: salio kama linavyosomeka kwenye taarifa ya benki yenye muhuri, taslimu iliyohesabiwa mezani mkiwaona wote watatu, mipira mipya mingapi na iliyotumika mingapi, pedi, helmeti, na mkeka wa pichi, ule unaotandikwa katikati ya uwanja mpira unapopigwa, uko kwa nani (mikeka ina tabia ya kulala nyumbani kwa watu). Na madeni. Madeni watu huyasahau makusudi, waamuzi wa msimu uliopita hawajalipwa, uwanja unadai, fundi jezi anadai, hayo yote yanaandikwa mote humo ili kesho usije ukaambiwa umeyazaa wewe. Wote mnasaini, nakala tatu.

Sasa hiyo milioni mbili na laki nane. Najua unachofikiria, lakini usimwite mtu mwizi bado. Nimekagua vyama vidogo vya michezo muda mrefu sasa na sehemu kubwa ya hela "iliyopotea" huwa ni masurufu yasiyorejeshwa, yaani mtu alipewa laki sita apeleke timu Dodoma, akaipeleka kweli, ikala ikalala ikacheza ikarudi, yeye akabaki na risiti kwenye suruali mpaka suruali ikafuliwa. Hela haikuliwa ila kwenye vitabu ipo hewani. Na nyingine huwa haikuwepo toka mwanzo, mwenyekiti anajumlisha na ahadi za kwenye grupu la WhatsApp, mfanyabiashara fulani kaandika "nitachangia 2m" na kidole gumba juu, basi tayari imeshakuwa salio.

Omba benki taarifa ya miezi 12. Chukua daftari, piga mistari, kila hela iliyotoka andika tarehe, kiasi, nani alichukua, kwa ajili ya nini, vocha (karatasi ya kuidhinisha malipo) ipo au haipo. Ile isiyo na majibu unaitengenezea orodha yake, unaipeleka kamati ya utendaji, inaingia kwenye muhtasari, wahusika wanapewa tarehe ya kuleta risiti au kurudisha hela. Tarehe ikipita kamati ndo inaamua, ikitaka kusamehe isamehe yenyewe kwa maandishi. Wewe usisamehe na usifiche.

Hizo risiti zilizofutika ni za mashine za EFD, ile karatasi inakimbiwa na maandishi kwa joto na jua, na mfuko wa nailoni ndo unaimaliza kabisa. Kuanzia sasa risiti ikifika mkononi piga picha siku hiyohiyo, toa na fotokopi, pini kwenye vocha. Mambo ya nitakuja kuipiga wikiendi sitaki kuyasikia.

Waweka saini badilisheni haraka. Benki nyingi zitataka muhtasari wa kikao kilichowachagua, barua ya chama, cheti cha usajili na vitambulisho vyenu, kwa hiyo kama huo muhtasari katibu bado anauandika kichwani mwambie auandike kwenye karatasi. Mimi napenda saini mbili kati ya tatu, na wawili hao wasiwe ndugu wala bosi na mfanyakazi wake. Alafu fungua hicho kitabu cha hundi ulichopewa uangalie kama kuna hundi zimeshasainiwa mapema bila kiasi wala jina. Ukizikuta, hata ikiwa moja, zifute mbele ya mashahidi, uziandike kwenye hati. Mtu atakwambia tulifanya hivyo kwa sababu mzee wa Songea yuko mbali. Ndiyo, na ndo maana kila anayeshika hicho kitabu ni sawa na kushika hela yote.

Habari za kazi. Chama chetu kimepata fedha kutoka juu kwa ajili ya mafunzo ya kriketi kwa wasichana wa shule za msingi, milioni tatu. Sasa timu ya mkoa ina mashindano wiki mbili zijazo na basi halijalipwa, mwenyekiti anasema tuazime hapo, mdhamini akilipa tutarudisha. Mimi ni katibu, moyo wangu unakataa ila sina hoja. Si hela yote ni ya kriketi?

Moyo wako uko sahihi kaka, na hoja ipo. Hela yote ni ya kriketi, ila siyo yote ni yenu. Hela iliyokuja na jina la kazi inabaki kuwa ya aliyeitoa mpaka kazi hiyo ifanyike, ninyi mmeishikilia tu. Ukiitumia kwa basi umechukua hela ya mtu bila ruhusa yake, hata kama kila senti imeenda kwa dereva na risiti unayo. Hii ndo kitu ambacho kwenye vyama vya mikoa hakieleweki kabisa, watu wanadhani ufisadi lazima mtu ajenge nyumba.

Na hesabu yenyewe ya mwenyekiti imekaa kwenye kitu ambacho hakijafika. Niwakumbushe habari ya Allen Stanford, yule bilionea wa Marekani aliyekuwa anaishi Antigua. Tarehe 1 Novemba 2008 aliweka dola milioni 20 kwa mechi moja fupi ya ova 20 kila upande (ova moja ni mipira sita ya mrushaji) kati ya Uingereza na timu yake ya wachezaji wa Karibiani, kila mchezaji wa upande utakaoshinda anabeba dola milioni moja, wachezaji walioshindwa hawapati kitu. Timu yake ikashinda kwa wiketi 10, yaani bila mpigaji wake hata mmoja kutolewa, wazee wa kriketi wa pande zote wakapiga naye picha na mikataba ya miaka ya mbele ikawa imeshapangwa. Februari 2009 mamlaka za Marekani zikamshtaki kwa utapeli wa uwekezaji, na 2012 akahukumiwa miaka 110 jela. Wale walikuwa na wanasheria na wahasibu wa kulipwa na bado walipanga maisha kwa hela ya mdhamini mmoja. Sisi mdhamini wetu ana duka la vifaa vya ujenzi na katuambia kwa mdomo kwenye harusi.

Siyo Karibiani tu. Durham ni klabu ya kaunti kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa bingwa wa kaunti 2008, 2009 na 2013, watu wanaojua kriketi kuliko sisi, na wana uwanja wa mechi za kimataifa. Madeni yakawalemea mpaka 2016 chama cha taifa kikawaokoa kwa pauni milioni 3.8, na uokoaji ule ulikuja na fimbo: wakashushwa daraja wakati uwanjani hawakushuka, na msimu wa 2017 wakauanza wakiwa na pointi 48 chini ya sifuri. Wachezaji ndo walizilipa hizo pointi, wao walikuwa wamefanya kazi yao vizuri tu.

Na jirani zetu Kenya mnawajua, 2003 wako nusu fainali ya Kombe la Dunia, mwaka uliofuata wachezaji wanagomea malipo, viongozi wanavutana, 2005 chama kinaundwa upya, na 2014 hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja imeondoka. Sababu zilikuwa nyingi siwezi kusema ni hesabu peke yake, lakini mchezaji asipolipwa kwa wakati hata kocha mzuri hakusaidii.

Sasa cha kumwambia mwenyekiti, maana najua huwezi kumsomea historia. Mwambie kuna njia ya halali ya kuazima nayo ni kuandika barua kwa waliotoa hela, mnaeleza mnataka kutumia kiasi gani, kwa nini, na kitarudi lini kutoka wapi, na mnasubiri jibu la maandishi. Atasema watakataa. Basi kama anajua watakataa ameshajibu swali. Njia nyingine ni safari yenyewe muikate, basi dogo badala ya kubwa, mlale kwenye mabweni ya shule, klabu zinazotoa wachezaji zichangie kila moja nauli ya watu wake. Na kama haiwezekani kabisa timu isiende. Najua linauma, lakini timu ya mkoa kukosa mashindano moja inasahaulika msimu ukiisha, chama kilichokula hela ya mabinti wa shule hakipewi tena na aliyekinyima hatakwambia kwa nini.

Kingine, hiyo milioni tatu ifungulieni akaunti yake, au kama makato ya akaunti ya pili yanawauma basi iwe na kurasa zake kwenye daftari, imeingia kiasi hiki, imetoka hiki, imebaki hiki, na iliyobaki isichanganywe kwenye ule mstari wa "salio la chama" unaosomwa kwenye kikao. Vikao vingi hela inaliwa kwa sababu katibu kasoma jumla kubwa na kila mtu macho yakamtoka.

Na wanaoniuliza mbona huko juu wanatoa kidogo: mgawanyo wa hela wa ICC, baraza la kriketi la dunia, wa 2024 hadi 2027, kama ulivyoripotiwa, unaipa India peke yake asilimia 38.5, na wanachama washirika, yaani wasio na uanachama kamili, wote dunia nzima, zaidi ya nchi 90 na sisi tukiwemo, wanagawana asilimia 11 hivi. Ndani ya hiyo kila nchi ina timu za taifa, makocha, safari. Kinachofika mkoani ni matone.

Mambo vipi anko. Waamuzi na skora (mwandika alama) nawalipa kwa simu yangu binafsi baada ya mechi maana ndo haraka. Je makato ya kutuma na kutolea nani anabeba, mimi au chama? Na meseji zinatosha kama risiti?

Makato ni gharama ya chama, yaandike kwenye mstari wake usiyameze wewe kimyakimya wala usiyafiche ndani ya posho. Ila simu yako binafsi acha. Siku ikipotea, au ukigombana na mwenyekiti, au ukipigwa hesabu na mke wako, ushahidi wa chama wote uko kwenye laini yako umechanganyika na hela ya gesi na ada za watoto. Sajilini laini kwa jina la chama, benki ikiruhusu lipeni moja kwa moja kutoka kwenye akaunti kwenda kwa simu ya mwamuzi, na ada za klabu ziingie kwa lipa namba, siyo kwa mtu.

Meseji peke yake haitoshi maana inasema hela imetoka haisemi kwa nini. Uwe na fomu ya mechi, karatasi moja tu, tarehe, timu, uwanja, waamuzi wawili, skora, kila mmoja kiasi na saini yake, na makapteni wa timu mbili wanasaini kwamba hawa watu walikuwepo. Hiyo ya makapteni ni muhimu, nimewahi kukuta mwamuzi amelipwa kwa viwanja viwili vilivyo wilaya tofauti saa ileile.

Naomba ufafanuzi. Mpira wa miguu timu inanunua mpira mmoja inacheza nao msimu mzima. Kwa nini kriketi kila mwaka ni mipira, mipira, mipira? Nina wasiwasi tunapigwa.

Unaweza kuwa unapigwa, ila kwanza uelewe mnyama mwenyewe. Mpira wa kriketi wa wanaume ni ngozi, gramu 156 hadi 163, ndani koki (ile ya kutengenezea vizibo vya chupa) na uzi uliokazwa, na mechi ya mashindano kila timu inapoenda kupiga unatoka mpya, kwa hiyo mechi moja mipira miwili. Ukichakazwa hauna tena mng'ao wala mshono, ukiurusha kwenye mechi nyingine unaonea warushaji. Na viwanja vyetu vingi ni zege chini mkeka juu, pembeni kokoto, mpira unaisha haraka kuliko kwenye majani ya klabu ya Gymkhana Dar es Salaam.

Twende kwa hesabu, bei hizi nimeziweka za mfano wewe weka za kwenu. Mna klabu 8, ligi ya kila mtu na kila mtu mara moja, hiyo ni mechi 28. Mipira 56 kwa 35,000 ni 1,960,000. Waamuzi wawili kwa 30,000 kila mmoja, mechi 28, ni 1,680,000. Skora mmoja kwa 15,000 ni 420,000. Umefika 4,060,000 na hujalipa uwanja, hujanunua maji, hujanunua kombe. Ada ya kila klabu laki mbili mara nane ni 1,600,000. Yaani ligi inaanza mkiwa chini karibu milioni mbili na nusu na hakuna aliyeiba hata shilingi! Alafu mwisho wa mwaka mkutano mkuu unawaka moto, wajumbe wanasema viongozi wamekula, kumbe walioamua deni hilo ni wajumbe wenyewe siku walipopitisha ratiba.

Sasa gawa hizo klabu makundi mawili ya nne nne. Kila kundi mechi 6, jumla 12, weka nusu fainali mbili na fainali, mechi 15. Mipira 30 ni 1,050,000, waamuzi 900,000, skora 225,000, jumla 2,175,000. Pengo limeshuka mpaka 575,000, na hilo mnaweza kulitafutia mtu wa kulidhamini bila kupiga magoti. Wachezaji watanung'unika mechi chache, sawa, basi walete ada ya mechi za ziada. Mimi kwa kweli ratiba ya ligi isingepita kikao chochote kabla mweka hazina hajaandika gharama ya kila mechi pembeni yake, lakini kwenye vyama vingi ratiba inapangwa na kamati ya ufundi, mweka hazina anaiona kwenye grupu kama sisi wengine.

Kujua kama unapigwa: kila mpira mpya uwe na namba ya kalamu ya wino na daftari la stoo, umetoka tarehe gani mechi gani kapokea nani, na mwamuzi baada ya mechi anarudisha ule uliochakaa. Mipira 30 ikitoka lazima 30 irudi, ukitoa iliyopotelea vichakani au kupasuka na mwamuzi akaandika hivyo. Iliyorudi inakwenda mazoezini. Angalia pia mmenunua saizi gani, wanawake wanatumia wa gramu 140 hadi 151 na watoto mwepesi zaidi ya huo, kuna mkoa walinunua katoni nzima ya saizi ya watoto kwa sababu ilikuwa na punguzo alafu ikakaa stoo, kwenye vitabu inasomeka mali ya chama na uwanjani hakuna mpira.

Jezi nazo. Hujauliza ila nasema. Chama kisicho na mkeka mzima hakina sababu ya kushona jezi mpya kila mwaka eti mdhamini kabadilisha rangi. Mdhamini alete na jezi zake.

Nimepokea barua pepe kutoka kwa duka tunalonunua vifaa nje ya nchi, wanasema akaunti yao ya benki imebadilika tulipe kwenye mpya. Nembo ni yao, jina la mtu tunayewasiliana naye ni lake. Nilipe?

Usilipe, na usiwajibu kwa hiyo barua pepe. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo toka zamani, siyo iliyoandikwa mle ndani, uongee na mtu unayemjua sauti. Wasipopatikana leo subiri kesho, vifaa vichelewe tu.

Usione aibu kuwa na mashaka, mwanzoni mwa 2023 iliripotiwa kwamba ICC yenyewe, na ofisi zake zote za Dubai, ilipoteza karibu dola milioni 2.5 kwa mchezo huuhuu wa barua pepe za kughushi, mtu amejifanya ni wa upande wanaofanya naye kazi na malipo yakatoka. Kwenye mkoa weka utaratibu kwamba namba yoyote ya akaunti ikibadilika, awe duka awe mwenye uwanja awe mwamuzi, watu wawili wanathibitisha kwa njia mbili tofauti na wanaandika jina la waliyeongea naye. Utaratibu huo mnaufuata hata anayebadilisha namba yake ni mwenyekiti. Hasa akiwa ni mwenyekiti.

Mkutano mkuu unakuja, kila mwaka nasoma taarifa ya fedha dakika arobaini na hakuna anayeelewa, alafu maswali yanaanza kama sijasoma kitu. Nifupishe vipi?

Karatasi moja, igaweni kwa klabu siku saba kabla ili wagombane nayo nyumbani kwao. Juu salio la mwaka jana, chini yake mapato kwa mafungu matano au sita, matumizi hivyohivyo, salio la mwisho, na pembeni ya salio la mwisho salio linalosomeka kwenye taarifa ya benki ya siku ileile, zote mbili zilingane, zisipolingana tofauti ielezwe mstari kwa mstari (hundi haijapita, ada imeingia baada ya tarehe). Weka safu ya bajeti mliyopitisha karibu na safu ya kilichotokea. Chini kabisa weka hela zilizokuja na jina la kazi, kila moja na salio lake, na orodha ya masurufu yasiyorejeshwa na majina ya walioyachukua. Hilo la majina litakuletea kelele siku mbili kabla ya mkutano, watu watakupigia usiku wanaleta risiti. Ndo lengo.

Risiti na vocha beba zote kwenye boksi uziweke mezani mbele, mjumbe mwenye swali aje aangalie. Wengi hawaji. Na mkaguzi awe mtu asiyetoka kwenye kamati, na asiwe shemeji wa mtu, mkoa wowote hauwezi kukosa mwalimu wa biashara wa sekondari mwenye roho ya ubishi. Nakala ya taarifa iliyokaguliwa mpe na afisa michezo wa mkoa, mmesajiliwa kwa Msajili wa vyama vya michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa siyo grupu la marafiki.

Assalamu alaykum. Mimi niko Muscat, nimezaliwa Tanga na nilicheza kriketi shuleni. Hapa kuna wenzangu tunataka kuchangia vijana wa nyumbani, ila tumeshaumia na michango. Tutume hela au vifaa?

Waalaykumu salaam. Kama mkoa mnaotaka kusaidia unaweza kuwatumia ile karatasi moja niliyoisema hapo juu, hata ya mwaka jana, tumeni hela kwenye akaunti yenye jina la chama na mwandike kwenye barua ni ya nini na mnataka kuona nini baada ya miezi mingapi. Wakikutumia namba ya simu ya mtu badala ya akaunti, tuma vifaa.

Na kama ni vifaa uliza kwanza ushuru bandarini nani analipa, mzigo wa msaada ukikaa pale gharama ya kuhifadhi inakimbia kuliko bei ya mabeti. Pia msikusanye chochote kilichozidi makabatini kwenu. Waulizeni saizi: watoto wa shule za msingi wanataka beti namba 4 hadi 6, wa sekondari ndo Harrow (saizi kati ya namba 6 na ya watu wazima), na glavu mjue wangapi wanapiga kwa mkono wa kushoto, maana kuna shule ina jozi nane za kushoto na mtoto mmoja wa kuzivaa.